Bandeji ya Tarehe Nne

Jumatatu, 4 Agosti

Sukari 9. Nimeandika kabla hajauliza. Daftari hili kanipa binti yangu Siti, la namba za sukari ya damu tu, mstari mmoja kila asubuhi. Mie natia na maneno. Mwanamume aliyezungumza na watalii wa Kijerumani miaka thelathini pale mchangani Diani hawezi kuishi na namba tupu.

Kaniosha mguu baada ya sala ya alfajiri, kama kila siku. Beseni la buluu, maji ya chumvi yaliyochemka yakapoa, shashi, bandeji. Kidonda kiko chini ya kidole cha mwisho na mwenzake. Kinapungua, asema. Kanifunga, kabandika plasta, kaandika juu yake tarehe na herufi za cheo na jina, Muuguzi Siti, kama afanyavyo kwa wagonjwa wake zahanati. 4/8, M.S. Namwambia mimi si mzigo wa posta. Akasema, "Baba, mzigo wa posta haubishi."

Leo alikaa kidogo pale sakafuni kabla ya kuinuka. Kashika kichwa. Nikamtania: muuguzi akiumwa kichwa, wagonjwa wakimbilie wapi? Akacheka. Kaenda kazini bila chai.

Ijumaa, 8 Agosti

Sikupima.

Siti amekufa. Nimeandika mara moja, sirudii.

Ilikuwa Jumatatu ile ile, saa tano. Alianguka zahanati, mkanda wa kupimia presha mkononi, mama mjamzito kakaa kitini mbele yake. Wakamkimbiza hospitali Msambweni. Mshipa umepasuka kichwani. Presha. Jumanne kabla ya adhuhuri amekwisha. Miaka thelathini na minane. Alipima presha za vijiji sita. Yake nani aliipima? Mie nilimwona kashika kichwa, nikafanya mzaha.

Tumemzika siku hiyo hiyo, alasiri. Kwetu mwanamke huoshwa na wanawake. Dada yangu Zaina na wenzake waliingia naye chumbani, wakafunga mlango kwa leso. Kazi yangu ikawa kupokeza ndoo za maji. Ndoo inaingia imejaa, inatoka tupu. Miaka saba kaniosha mguu kila siku ya Mungu. Siku yake moja, mie mtu wa ndoo.

Makaburini nilitaka kuteremka kumpokea. Ni haki ya baba. Wakautazama mguu. Mwalimu Bakari wa msikitini akaniita kwa jina langu la utani, kwa upole, "Kapteni, utaanguka. Kaa juu uombe dua." Wakateremka watoto wa Zaina. Nikakaa juu. Nimepanda mashua za kila namna, nikashindwa na shimo la kimo cha kifua.

Jumapili, 10 Agosti

Sikupima. Watu wa matanga wanapungua. Moto wa jikoni mdogo kuliko juzi.

Bi Mutheu amekuja. Ndiye mkubwa wa zahanati, Mkamba wa Shimba Hills, Mkristo, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuita meli. Kakaa mkekani na viatu vyake mkononi, hajui pa kuviweka. Asema wenzake Siti watafanya kikao cha kumkumbuka, Jumatano ya tarehe ishirini, pale pale zahanati. Wanataka nisome historia ya maisha yake. Nikamwambia sisi hatuna mambo hayo. Kwetu maiti huombewa dua, hasomewi alizaliwa lini akasoma wapi.

Akasema, "Najua, Baba Siti. Lakini nyinyi mnazika mbio. Sisi tulikuwa na foleni ya wagonjwa, tulipofika mlikuwa mmeshamaliza. Tupatie ukurasa mmoja tu."

Nikamwambia ukurasa mmoja ni tusi. Mtu kama mimi nitawapa kitabu.

Akauliza mguu anauosha nani. Nikasema nauosha mwenyewe, tena vizuri kuliko wauguzi wake wote. Uongo. Bandeji ni ile ile. 4/8, M.S. Huo ndio mwandiko wa mwisho alioandika nyumba hii. Nikiifungua, niutie wapi?

Jumanne, 12 Agosti

Sukari 14.

Nikitia udhu napangusa juu ya bandeji. Sheria inamruhusu mwenye jeraha. Lakini wino ulianza kufifia, basi nimeuvisha mguu karatasi ya mkate na kuifunga kwa uzi. Najua kidonda kinataka kuoshwa na kupata hewa. Najua sana, somo hilo nimelisikia miaka saba. Mguu wenyewe hauumi. Siti alisema huo ndio ubaya wake: sukari huunyamazisha mguu kwanza, ndipo huula.

Zaina kaniambia jambo tukimenya muhogo. Walipomwosha Siti walikuta nyayo zake zina magaga, nyufa za kuingia punje ya mchele. "Alikuwa akitembea yule mtoto, kaka. Pikipiki ikiwa mbovu hangoji. Anakata kwa miguu mpaka kwa mgonjwa."

Nyayo za mwanangu sikuzijua. Yeye mguu wangu aliujua mpaka kucha. Asubuhi zote hizo kichwa chake kimeinama mbele yangu, nami namsimulia habari za Italia. Italia yenyewe sijafika.

Jumatano, 13 Agosti

Sukari 15.

Amekuja mzee wa Kiduruma kutoka bara ya Kinango, vumbi mpaka kwenye kope, kuku kwapani. Mkewe alikuwa hajiwezi, Siti akamtibu, sasa anachunga mbuzi. Kamletea Siti kuku. Habari hazijamfikia. Kaketi, kaamkia, kauliza, "Yuko wapi mwanangu muuguzi?"

Mie mwenye maneno ya lugha nne nikamwambia kaenda kazini.

Akaniachia kuku na salamu, akaondoka ameridhika. Nilimtazama mpaka akapotea. Nilitaka kumwita. Kuku kalala ndani ya beseni la buluu, kalifanya kitanda chake.

Alhamisi, 14 Agosti

Sukari 16. Nimemaliza historia. Kurasa nne, zimejaa mpaka pembeni. Nimemsomea Zaina. Kasikiliza mpaka mwisho huku anachagua mchele. Halafu kauliza, "Na Siti anaingia ukurasa wa ngapi?"

Nimerudia kusoma. Kweli. Ukurasa wa kwanza ni jinsi nilivyopata jina la Kapteni bila kumiliki hata mtumbwi. Wa pili ni yule Mjerumani mkubwa niliyemwonyesha pomboo akanikumbatia akilia. Wa tatu ni jinsi nilivyomsomesha Siti chuo cha uuguzi. Wa nne yumo, nusu ukurasa, kavaa sare, anapigwa picha. Na pembeni yake niko mie.

Na ule wa tatu ni uongo mtupu. Aliyemsomesha ni marehemu mama yake, na minazi aliyomwachia.

Nimezichana zote nne. Siwezi hata kumlilia mtu bila kujisifu. Mtu wa namna gani mie?

Jumamosi, 16 Agosti

Sukari 19. Harufu imeanza. Nachoma udi asubuhi na jioni. Zaina anadhani ni kwa ajili ya Siti, kanisifu, asema nimekuwa mtu wa ibada.

Naandika upya. Mambo yake tu.

Siti ana miaka kumi na minne. Mama yake kalala, tumbo limejaa maji. Mama hajui kusoma, na Siti mchana yuko shule. Basi kachora jua kwenye bahasha ya dawa ya asubuhi, mwezi kwenye ya usiku. Mama anatazama picha, anameza. Hakukosea hata siku moja.

Mie niko wapi? Nimepanga chumba Ukunda. Nilisema nitarudi msimu wa wageni ukiisha. Msimu uliisha, sikurudi. Nilikuja siku ya tatu ya matanga ya mama yake, na mkebe wa chokoleti. Siti aliupokea kwa mikono miwili, akasema shikamoo baba, akawagawia watoto wa jirani. Yeye hakuonja.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa Vanga. Mvua ikinyesha barabara inakuwa uji. Alimzalisha mwanamke ndani ya gari lililokwama, dereva kageukia dirishani anasoma Yasini. Mtoto wakamwita Matope. Siti alikataa, akamwandikia Rehema kwenye kadi.

Kibuyuni wanawake wa mwani wakichomwa na miiba ya baharini walimwendea yeye. Anawapaka utomvu wa papai bichi, kama bibi zetu, kisha anawadunga sindano ya pepopunda. Mtu wa diploma. Nilimwambia wenzako watakucheka. Akasema mwiba hauulizi cheti.

Na bahasha zake zote, mpaka juzi: jua, mwezi.

Miaka saba nyuma nilirudi nyumbani nachechemea, soksi imegandamana na kidonda. Wageni hawataki kuongozwa na mtu anayenuka. Njia nzima nilipanga hotuba ya kumwomba radhi. Nikapiga hodi. Akanitazama usoni, akatazama chini, akaingia ndani. Nikajua ananifungia mlango. Akatoka na beseni la buluu. Beseni lilikuja kabla ya shikamoo.

Hotuba ile sijaitoa mpaka leo.

Jumatatu, 18 Agosti

Homa. Natetemeka mchana, juani. Nimepima. Mashine haikutoa namba, imeandika HI, yaani sukari imepita kipimo chake. Miaka thelathini nimesalimiwa hivyo na wazungu pale mchangani, leo na mashine. Nilicheka peke yangu mpaka kuku akatoka beseni.

Siti alinifundisha: ikiandika hivyo, Baba, usinywe chai, usitafute kofia, hospitali.

Sikwenda. Keshokutwa ndiyo siku yake. Nikienda watanilaza, na kwanza kabisa wataifungua bandeji. Nimemwambia Zaina ni malaria. Mie si mjinga. Naandika ili ijulikane, nilijua nifanyalo.

Jumatano, 20 Agosti

Naandika nikiwa kitandani, hospitali. Mkono mmoja una dripu. Mwandiko unaniyumba.

Walitandaza turubai pale zahanati. Viti vya plastiki, kina mama na watoto mgongoni, wazee kutoka vijiji vyake. Mzee wa Kiduruma naye alikuwepo, katoa kofia. Hakunisema. Kaninyooshea mkono tu, nikaushika. Wakristo waliimba kwa sauti ya chini. Mwalimu Bakari akaomba dua. Mie nina kanzu ya Idi, marashi mpaka kwenye mkongojo.

Nikasimama na ukurasa wangu mmoja.

Nilisema jua na mwezi, wanawake wakaitikia. Nilisema matope ya Vanga. Nilisema papai. Halafu nikasema habari ya chokoleti, mbele ya watu wote hao, habari ambayo hata Zaina hakuwahi kuisikia kinywani mwangu. Nikasema habari ya beseni. Nikasema ile hotuba niliyopanga njiani, ilikuwa maneno mawili tu, nisamehe mwanangu, na kwa miaka saba kila asubuhi alikuwa kapiga magoti mbele yangu nami nikayakosa.

Nikatazama mbele. Wauguzi mstari wa kwanza wameweka leso puani, wanatazamana. Nikajiambia, Kapteni, umewaliza. Nikapandisha sauti.

Walikuwa wananusa.

Bi Mutheu alikuja akaninong'oneza niketi. Akapiga magoti pale mchangani kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka. Akapandisha kanzu kidogo. Akakata uzi, akaivua karatasi ya mkate. Nikaona anasoma. Alisoma muda mrefu, kwa tarehe fupi vile.

"Baba, huu ni mwandiko wa Siti."

"Ndio wake."

"Leo ni tarehe ishirini."

"Najua."

Nilingoja anigombeze. Nilikuwa na majibu, siku zote ninayo. Hakugomba. Aliweka paji la uso kwenye goti langu, mwanamke mkubwa yule, akalia kwa sauti, na watu wakadhani ni hotuba yangu.

Kisha akajifuta, akaagiza mkasi. Nikamshika mkono. Nikamwambia, mwanangu, kata upande. Akasema, "Nitakata upande." Plasta imetoka nzima. Nimeibandika hapa chini ya ukurasa. Cha ndani sikukitazama. Nilitazama nyuso za wale wauguzi. Ilitosha.

Ijumaa, 22 Agosti

Vidole viwili vinakatwa kesho. Kimoja kimeshakufa, mwenzake anamfuata. Daktari ni kijana mpole. Asema ningekawia siku mbili ungekwenda mguu mzima, au ningekwenda mwenyewe. Akauliza, "Nyumbani hakuna wa kukusafisha, mzee?"

Nikamwuliza kesho ni saa ngapi.

Siti aliulinda mguu huu miaka saba. Mie nimeuharibu kwa siku kumi na sita, kwa kumpenda. Nimelifikiria jambo hili tangu asubuhi na halina pa kushika.

Muuguzi wa wodi kauliza, vidole tutavichukua au watavitupa wao? Kwetu kiungo cha mwanadamu hakitupwi. Huzikwa. Nikampigia Zaina simu, nikamwambia alete kitambaa cheupe. Akauliza, "Kiasi gani?" Nikasema cha kufungia maandazi mawili. Hakucheka. Wala mie. Mwanawe atavipeleka. Nimemwambia pa kuvizika.

Jumanne, 26 Agosti

Vimekatwa. Vimezikwa Jumamosi hiyo hiyo, alasiri, mie nimelala. Nimekosa na mazishi yangu mwenyewe.

Kitanda cha pili kuna mzee wa Lunga Lunga, haoni vizuri, anachanganya dawa zake. Nimeomba kalamu nikamchorea. Jua langu limetoka kama buibui. Kaelewa.

Jumatatu, 1 Septemba

Niko nyumbani. Bi Mutheu alikuja kabla ya kazi, atakuja kila asubuhi mpaka nijifunze mwenyewe. Kamfukuza kuku, kasugua beseni la buluu kwa jivu, kachemsha maji. Hana mkono mwepesi kama wa Siti. Anasugua kama anaosha sufuria. Mara hii nilitazama.

Alipomaliza akabandika plasta, akatoa kalamu, akasita. Akanipa mie. Niliandika tarehe kichwa chini, ndivyo mguu unavyoelekea. Akaiacha hivyo.

Jioni Zaina alinipeleka makaburini na mikongojo yangu. Kilima cha Siti kimeanza kuota majani. Chini ya miguu yake kuna kilima kingine, kidogo, kama cha kuzikia kifaranga. Kijana wa Zaina kakiwekea jiwe ili kisikanyagwe.

Mwalimu Bakari alinizuia nisiteremke. Basi vimeteremka hivyo viwili.

Nilimwomba radhi, yale maneno mawili. Nilikaa. Zaina hakunihimiza.

Sukari 8. Hakuna aliyeuliza. Nimeandika.